Ngome ya Rochester, Uingereza: anzeni na ile pembe ya duara

Jamani mkienda kuiona ngome ya Rochester pale Kent, msikimbilie kupanda juu, zungukeni nje kwanza. Mnara mkuu una pembe nne, tatu za mraba na moja ya duara, na hiyo moja ndo ilinisimamisha pale karibu nusu saa.

Iko hivi. Mwaka 1215 makabaila walioasi waliishika ngome, Mfalme John akaja kuizingira, akaipiga kwa mashine za kurusha mawe wapi, ukuta wenyewe chini una unene wa kama mita 3 na nusu. Mlango nao haupo chini, upo ghorofani na unaufikia kwa kupita kwanza kijengo cha mbele, kwa hiyo huwezi kuja na gogo ukaanza kuugonga. Basi John akaenda chini kwa chini. Wachimbaji wakapita chini ya msingi wa pembe ya kusini mashariki, wakauegemeza kwa magogo, alafu mfalme akaagiza nguruwe 40 walionona, wale wasiofaa sana kuliwa, mafuta yao yachochee moto kule shimoni. Magogo yakaungua, pembe yote ikaporomoka.

Hapo si ungesema imeisha? Wapi! Ndani kuna ukuta mnene unaokata mnara katikati, wale watu wakarudi nyuma yake wakaendelea kupigana wakiwa na nusu ya jengo tu. Na kisima kimejengwa ndani ya ukuta huohuo, shimo lake linapanda mpaka juu, kila ghorofa mnateka maji. Hiki ndo kitu kilichonigusa kuliko vyote, yaani mnara ulianza kujengwa kama 1127, na tayari kuna mtu alishawaza siku adui atakapokuwa ndani. Kilichowamaliza ni njaa, walikula mpaka farasi wao, wakajisalimisha baada ya wiki kama 7.

Pembe ikajengwa upya enzi za Mfalme Henry III, mtoto wa John, safari hii duara, maana ya mraba mchimbaji anaanzia konani anang'oa jiwe moja moja na mlinzi wa juu hamuoni vizuri.

Sakafu za mbao hazipo tena, ukiingia unaona utupu mpaka angani, mwanzo nilisikitika ila baadae nikapenda, matundu ya maboriti yako wazi kwenye kuta unahesabu ghorofa mwenyewe. Ngazi za kuzunguka ni nyembamba, mwenye magoti mabovu apande taratibu. Ila apande tu, maana ukifika juu, kama mita 34 hivi, unauona mto Medway na sehemu ya kuvukia kwenye njia ya London kwenda Canterbury, na unaelewa kwa nini John aliitaka hii ngome kiasi kile.

Nyota 5.