Msimu wa nne wa Star Trek: vita ambavyo mwenye nguvu hakutaka kuvishinda

Seti ya DVD ya msimu wa nne wa Star Trek: The Next Generation, tamthilia ya televisheni ya Kimarekani kuhusu safari za anga za juu, ina vipindi 26, lakini kwa mtazamaji apendaye kujadili siasa na vita, kipindi kimoja tu, "The Wounded" cha mwaka 1991, kinatosha kuhalalisha bei yake. Tulikitazama hapa Lamu, mtaani Langoni, na mjadala uliofuata barazani ulikuwa mrefu kuliko kipindi chenyewe. Wenzangu walilalamika kwamba hadithi haina mantiki: ikiwa Phoenix, meli moja ya anga ya Shirikisho la Sayari (muungano wa sayari ambao wanadamu wamo), inaweza peke yake kuangamiza kituo na meli mbili za Wakardasia, maadui wao wa sayari nyingine, iweje vita vya miaka kadhaa baina yao viishie kwenye mkataba usiompa yeyote ushindi?

Kwa maoni yangu, hapo ndipo waandishi walipofanya kazi yao vyema zaidi. Enterprise, meli kuu ya hadithi na mojawapo ya meli kubwa za Shirikisho, hubeba watu zaidi ya elfu moja, wakiwemo wanasayansi na watoto wao. Dola inayounda meli za namna hiyo haikujipanga kuishi kwa vita, ilhali Wakardasia wanatawaliwa na wanajeshi na vita kwao ni sehemu ya utawala. Zito zaidi ni suala la lengo. Shirikisho lilitaka makoloni yake yabaki salama, wala halikuwa na nia ya kuitawala nchi ya adui. Na adui asiyefuatwa kwake anaweza kushindwa mapambano mengi, akarudi nyumbani, akaunda meli nyingine na kuja tena. Jambo hili si la kubuni tu. Katika vita vya Korea, Marekani ilikuwa na silaha za nyuklia, lakini mwaka 1951 Rais Truman alimwondoa Jenerali MacArthur, aliyetaka vita vipanuliwe hadi China, na mwaka 1953 mapigano yakasimamishwa karibu na pale yalipoanzia.

Kipindi kinaionyesha gharama ya vita kupitia O'Brien, fundi mpole wa Enterprise anayemweleza Mkardasia kwamba hamchukii yeye, bali anachukia kile ambacho vita vilimgeuza kuwa. Picard, nahodha wa Enterprise, naye anakiri mwishoni kwamba tuhuma za Maxwell, nahodha wa Phoenix, juu ya Wakardasia kujiandaa upya zilikuwa za kweli, na bado amemzuia asivirudishe vita. Mmoja wetu aliuita huo uoga. Mimi naona ni uamuzi wa mtu anayejua kwamba ana nguvu na anajua pia bei ya kuitumia.

Kasoro ninayoiona ni umbali, ambao hautajwi vya kutosha, wala hakuna ramani ya mpaka. Watu wa Lamu wangeuliza swali hilo mapema: majeshi ya Mombasa na Pate yalipotua Shela, kijiji cha kisiwani kwetu, kuishambulia Lamu mwanzoni mwa karne ya 19, masimulizi yetu yanasema wingi wao haukuwafaa kitu maji yalipokupwa na vyombo vyao vikakwama mchangani.

Seti haina tafsiri ya Kiswahili, na aliyezoea filamu zinazosimuliwa na madijei ataona mazungumzo ni mengi na mapigano ni machache. Anayeweza kufuata Kiingereza na kuvumilia mwendo wa taratibu aanze na kipindi hiki, kisha arudi kwenye vingine, ambavyo ubora wake haulingani.