Mashine ya kuchomelea ya kilo tano: uzoefu wangu wa mwaka na nusu

Aliyenifanya ninunue hii mashine ni mama mmoja wa Chamazi. Bawaba ya geti lake ilikatika, geti limeegemea ukuta, naye anataka lifungike kabla giza halijaingia. Karakana yangu iko Mbagala, Dar es Salaam, na mashine niliyokuwa nayo ni lile dude la koili ya shaba ambalo hata wanaume wawili hawalinyanyui bila kusema Bismillahi. Nikapiga hesabu ya bajaji kwenda na kurudi, nikaona nauli inameza hela yote ya kazi. Nikamwambia, "Mama, naomba iwe kesho, nitafute usafiri." Kesho yake napiga simu, ananijibu kwa upole kabisa: "Geti limeshapona, mwanangu. Alikuja kijana na bodaboda, kabeba begi mgongoni."

Wiki hiyohiyo nikaenda madukani, mtaa wa Gerezani. Wauzaji wakaanzia shilingi 320,000, tukaishia 260,000 pamoja na holda (kishikio cha rodi), koleo la ethi (la kubana kwenye chuma kinachochomelewa) na kibrashi ambacho nilikitupa siku ya pili. Ni inveta ya umeme wa kawaida wa nyumbani, ya rodi, uzito kama kilo tano. Ubavuni imeandikwa 300 kwa maandishi makubwa, yaani ampea 300 za moto, na ina kioo kidogo cha namba nyekundu. Muuzaji akaniambia, "Hii fundi unachomelea hata meli." Nilikuwa nimebeba kipande changu cha angle cha milimita 5 na rodi mbili za unene wa milimita 3.2, nikaomba umeme palepale dukani. Ikawaka vizuri, nikalipa. Ukienda kununua, nawe beba chuma chako. Kile kibati wanachokupa cha kujaribia hata kiberiti kingekiunganisha.

Sasa tuje kwenye hiyo 300. Jirani yangu ni fundi umeme, ana mita ya kukumbatia waya inayopima mpaka DC, yaani umeme unaokwenda upande mmoja tu. Kijana wangu akawa anachoma, mimi nikaibana mita kwenye waya wa holda. Kioo cha mashine kinasema 300, mita inasema 150 na ushee. Tukarudia mara tatu, majibu yaleyale. Na wala huhitaji mita kuujua huu uongo. Moto wa ampea 300 kwenye rodi unadai kama volti 32, yaani karibu kilowati 10 zinazotoka. Plagi ya pini tatu ya ampea 13 kwa volti 230 haifikishi hata kilowati 3. Hizo nyingine zitoke wapi, mbinguni?

Nilikasirika siku moja, nikapoa. Kwa kazi zangu ampea 150 za kweli zinatosha na kubaki: rodi ya 2.5 naichoma kwa 70 mpaka 85, ya 3.2 kwa 100 mpaka 120. Tulichofanya ni kuchukua ile rangi nyeupe ya kufutia makosa ya karatasi na kuweka alama kuzunguka kitufe cha kuongezea moto. Pale kioo kinaposoma 150, tumeandika "2.5". Pale kinaposoma 220, "3.2". Vijana wangu hawatazami kioo kabisa, wanatazama alama.

Nilipoipenda ni kwenye pipe nyembamba. Grili nyingi siku hizi wateja wanataka square pipe ya geji 18, unene wa milimita 1.2 hivi, ndiyo inayolingana na mfuko. Kwa dude la zamani hiyo ilikuwa vita: ukizidisha sekunde moja umetoboa, ukiogopa rodi inaganda, unaitikisa kama mtu anayeng'oa jino. Hii inatoa DC, na rodi inapogusa inaongeza moto kidogo ili iwake, ikiganda inakata yenyewe. Rodi ya kawaida ya 6013 ya milimita 2.5, holda naiweka upande wa hasi, ethi chanya, ampea 60 na kidogo, nashikiza nukta nne za kona kwanza kisha nashona vipande vifupi vifupi nikihama pembe. Gamba la juu linajibandua lenyewe kabla hujashika nyundo. Kijana niliyempokea akiwa hajui kitu alikuwa anashona kona safi ndani ya wiki tatu, na kwenye dude la zamani mimi mwenyewe kazi hiyo ilinila miezi. Ukitumia rodi za aina ya 7018 kwa vyuma vya kubeba uzito, geuza, holda iende chanya, na hizo rodi zisilale wazi kwenye unyevu wa huku pwani.

Wadogo zangu huniuliza mashine hii ndogo namna hii inapata wapi nguvu. Umeme wa TANESCO huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, na kwa mwendo huo wa pole trasfoma lazima iwe na chuma kingi na shaba nyingi. Inveta huugeuza kwanza kuwa DC, kisha transista zake huukatakata makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, na kwa mwendo huo trasfoma ya ukubwa wa ngumi inatosha. Ndiyo maana kilo zimepungua, na ndiyo maana ikiharibika humpelekei mtu wa kusuka koili, unampelekea mtu wa bodi.

Umeme unaotumia si wa kutisha. Dirisha moja la grili, ukijumlisha dakika ambazo moto unawaka kweli, ni kama 20, na LUKU inapungua uniti isiyofika hata moja. Wateja wanaoniambia "fundi utanimalizia umeme" nawaonyesha mita kabla na baada, tunamaliza kwa kucheka. Ila plagi iangaliwe. Nilishawahi kuchoma rodi ya 3.2 kwenye soketi ya sebuleni kwa mteja, nikasikia harufu, kutazama plagi imelainika kama ubani. Tangu hapo nyumbani kwa mtu nachoma 2.5 tu. Karakanani nimefunga soketi ya ampea 32 na breka yake.

Safari yake kubwa ilikuwa Dakawa, kwenye mashamba ya mpunga ya Mvomero. Pawatila ya shemeji yangu, lile trekta dogo la magurudumu mawili, ilikatika shingo ya kuvutia tela, msimu wa mavuno, magunia yako shambani. Nikapanda basi la Morogoro, mashine ipo kwenye begi miguuni pangu, konda wala hakuuliza. Kufika, nikaletewa jenereta la petroli la kVA 2.8. Nikawasha rodi, jenereta likakohoa, moto ukafa. Nikapunguza mpaka 50, ukawaka kinyonge unatema matone tu juu ya chuma. Kwa rodi ya 2.5 usihangaike na jenereta chini ya kVA 5, vinginevyo unaua jenereta na mashine kwa pamoja.

Tukaisukuma pawatila mpaka kwenye mashine ya kukoboa mpunga, kuna umeme. Tatizo likawa waya: ekstensheni ya mita 40, nyembamba, ya milimita 1.5 za mraba, nusu yake bado imeviringwa. Moto ukawa mchovu tena. Waya kama huo ukivuta ampea 16, volti kama 15 zinapotelea njiani, na ukiwa umeviringwa joto halina pa kutokea. Kijana wa pale akaushika akaruka: "Fundi, unachemka huu!" Tukaukunjua wote, tukaukata kubaki na mita 15, na shingo ikashonwa kwa rodi za 3.2 pande zote mbili. Magunia yalitoka jioni ileile. Siku hizi natembea na ekstensheni yangu ya milimita 2.5 za mraba.

Hizo rodi za 3.2 ndizo zilizonionyesha mwisho wa pumzi ya mashine. Ya nne ikiisha mfululizo, juani, taa ya njano inawaka na moto unakata, feni tu ndiyo inazunguka. Usiizime. Iache ipoe feni ikiwa inafanya kazi, dakika tano hivi inarudi. Kwa 2.5 sijawahi kuiona hiyo taa.

Mwezi wa saba tangu niinunue, ikafa. Haikuwaka kitu. Duka lililoniuzia, garantii ya mwaka mmoja imeandikwa kwenye risiti, likanijibu kwamba garantii haihusu "kuungua". Nikauliza sasa inahusu nini, sikupata jibu. Fundi wa bodi alipoifungua alinionyesha: ndani kumejaa unga mweusi wa chuma, umeganda kwenye bodi kama masizi ya jikoni, feni imekwama. Kosa langu. Tulikuwa tunasaga kwa grinda hatua mbili kutoka kwenye mashine, na feni yake inavuta kila kitu. Shilingi 45,000 zikaenda. Sasa grinda inafanya kazi upande wa pili wa karakana, na kila mwisho wa mwezi naifungua na kuipuliza kwa kompresa, kwa upole.

Kitu kingine cha kubadilisha mapema ni nyaya zake. Zile za kwenye boksi zina urefu wa hatua mbili, na shaba yake ni ya kupakwa tu, ndani ni aluminiamu. Nilizikata nikaweka waya wa shaba wa milimita 25 za mraba, mita tano upande wa holda, na sasa mashine inabaki chini mimi nikiwa juu ya ngazi. Mbali na mashine yenyewe, kuna kitu cha bure ambacho vijana hawakitaki: kusaga zinki ya bomba la maji kabla ya kuchomelea. Ule moshi mweupe unakulaza na homa usiku, na maziwa hayaitibu, hata kama kila fundi wa Mbagala ataapa.

Kwa kazi za grili, mageti, stendi za matangi ya maji, fremu za bodaboda na bajaji, ningeinunua tena kesho, kwa jina lolote litakaloandikwa ubavuni, mradi niipime kwanza. Chesisi za malori na rodi za milimita 4 mchana kutwa siipi. Mnunuzi wa vyuma chakavu ameshakuja mara mbili kulipimia bei lile dude la shaba lililoko kwenye kona. Nimemwambia asubiri, Alhamisi kuna Fuso inakuja.