Sauti iliyopasuka: Clip Fix ya Audacity au kurekodi upya?
Video nyingi za sendoff hapa Mbeya huharibikia kwenye sauti: maiki iko mdomoni, mshereheshaji anapaza, sauti inapasuka. Kuza wimbi la sauti kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, utaona vilele vimekatwa bapa, vimegota 0 dB, kikomo cha juu cha sauti ya kidijitali. Clip Fix, zana iliyomo humo bure, hukisia umbo la kilele kilichopotea na kukichora upya, ikishusha sauti ili kipate nafasi. Kwa neno mojamoja naiamini kabisa. Hotuba nzima ikiwa imepasuka, itabaki kukwaruza.

Kurekodi upya kunaleta sauti safi, vilele vikiishia kama −12 dB na mvua isiwe inapiga bati. Kulinganisha sauti mpya na midomo kwenye video kunachosha kweli. Hata hivyo, kwa tangazo la duka la Mwanjelwa, narekodi upya bila kusita. Kwa harusi nabaki na Clip Fix.