Kipimo cha ELISA cha Neospora: kizuri kwa kundi zima, hafifu kwa ng'ombe mmoja

Ng'ombe akitupa mimba ya miezi mitano au sita ilhali homa hana na pumba anamaliza, daktari wa mifugo huanza na brusela. Ni sawa kabisa, kwa sababu brusela inaambukiza watu. Majibu yakirudi hasi ndipo jina la Neospora linapotajwa, na mfugaji anaambiwa alipie ELISA, kipimo cha damu cha maabara. Tunakipa kipimo hiki alama 4 kati ya 5 kinapochunguza kundi zima, na 2 kati ya 5 kinapotumika kumhukumu ng'ombe mmoja aliyetupa mimba wiki iliyopita. Tofauti hiyo haitokani na ubora wa seti, yaani vifaa vya kipimo ambavyo maabara hununua tayari. IDEXX, Innovative Diagnostics na watengenezaji wengine wana seti zinazofanya kazi yake vizuri. Inatokana na tabia ya kimelea chenyewe.

Neospora caninum ni kimelea cha chembe moja, jamaa wa karibu wa Toxoplasma. Kilipewa jina mwaka 1988 kilipotambuliwa kwa mbwa, na mwaka 1998 ikathibitishwa kwamba mbwa anaweza kutoa vijiyai vyake kwenye kinyesi. Ng'ombe huvimeza kwenye majani, pumba au maji. Lakini mbwa huleta ugonjwa mlangoni tu. Anayeurithisha ni mama mwenyewe. Ng'ombe akishaambukizwa, kimelea hujificha kwenye ubongo na misuli maisha yake yote. Akishika mimba, kinga yake hubadilika ili isimkatae mtoto. Katikati ya mimba vimelea huamka, huingia kwenye damu, hushambulia kondo na kuvuka hadi kwa kijusi. Kijusi kisichoweza bado kujikinga hufa. Wakivukiwa baadaye, ndama wengi huzaliwa hai, wameambukizwa, na kwa macho hawana kasoro yoyote. Wachache huzaliwa dhaifu, miguu imekakamaa, hawawezi kusimama wanyonye.

Mtamba aliyezaliwa hivyo naye anaweza kuwapa wanawe. Ndiyo maana kundi linaweza kubeba kimelea kizazi baada ya kizazi hata kama boma halina mbwa, na ndiyo maana mfugaji anayechagua mitamba kwa kuangalia maziwa ya mama peke yake anaweza kuwa anaongeza ugonjwa kwa mikono yake.

Sasa kipimo. ELISA haitafuti kimelea. Inatafuta kingamwili, yaani alama kwamba mwili umewahi kukutana nacho. Seramu huwekwa kwenye sahani ya visima 96 iliyopakwa protini za kimelea, na rangi inayojitokeza hulinganishwa na ya kidhibiti chanya, yaani seramu inayojulikana kuwa na kingamwili hizo. Kila mtengenezaji ana mpaka wake wa kusema chanya, hasi au shaka. Kwa hiyo namba iliyotoka kwenye seti moja usiilinganishe na ya seti nyingine, hata kama zote zimeandikwa kwa asilimia. Ukirudia kupima baada ya mwaka, uliza maabara kama bado wanatumia seti ileile.

Mahali kipimo hiki kinapong'ara hasa ni kwa ndama ambaye hajanyonya. Kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili za mama kwenda kwa mtoto. Ndama huzaliwa hana kitu na huzipata kwenye dang'a. Ndama akikutwa na kingamwili za Neospora kabla ya tone la kwanza la dang'a, hizo ni zake, amezitengeneza tumboni, na maana yake aliambukizwa humo. Kwa swali la kama mama amempa mwanawe, ni vigumu kupata jibu safi kuliko hilo kwa gharama ndogo kama hiyo. Ajabu ni kwamba ni wachache wanaolitumia.

Linahitaji maandalizi, si utaalamu mkubwa. Tyubu yenye kifuniko chekundu, isiyo na dawa ya kuzuia damu kuganda, iwe imeshaandikwa namba ya mama na kuning'inizwa bandani kabla ya siku ya kuzaa. Ndama akidondoka, atengwe na chuchu, afutwe pua na mdomo, kisha mtaalamu achukue mililita 5 za damu kwenye mshipa wa shingo. Mara hiyohiyo ndama apewe dang'a: asilimia 10 ya uzito wake, yaani lita 3 na nusu kwa ndama wa kilo 35, ndani ya saa 2 za kwanza. Kama mtaalamu hajafika, dang'a itolewe na sampuli isahaulike. Ndama aliyecheleweshewa dang'a kwa ajili ya kipimo anaweza kufa kwa kuhara, na jibu la maabara halitamrudisha.

Ukikosa dirisha hilo, subiri afikishe miezi 6. Kabla ya hapo chanya yaweza kuwa ya dang'a ya mama tu. Tunaona kosa hili mara kwa mara: mtamba wa miezi miwili anapimwa, anatoka chanya, anauzwa, kumbe alikuwa mzima.

Kwa ng'ombe wakubwa, kingamwili hupanda na kushuka. Huongezeka katikati ya mimba vimelea vinapoamka, na kwa asiye na mimba zinaweza kushuka hadi chini ya mpaka wa seti. Hivyo fomu ya sampuli isiyoonyesha umri wa mimba inampa anayesoma majibu nusu ya habari. Ng'ombe hasi asiye na mimba ni wa kurudiwa, si wa kuthibitishwa. Chanya nayo ina mtego wake. Chanya kwa aliyetupa mimba inasema ana kimelea. Haisemi kimelea ndicho kilichotoa mimba. Wapo chanya wengi wanaozaa kila mwaka bila shida. Hapo ndipo zile alama 2 zinapotoka.

Dawa ya udhaifu huo ni kupima wengi kwa mpangilio. Chukua waliotupa mimba wote, na kwa kila mmoja chukua wawili wa umri na banda lilelile ambao hawakutupa. Chukulia mfano tu: kati ya 8 waliotupa, 6 ni chanya, na kati ya 16 wenzao ni 3. Hapo Neospora ina mkono. Kama chanya ni theluthi moja pande zote mbili, endelea kutafuta: brusela, bakteria wa leptospira, virusi vya BVD (kuhara kwa ng'ombe), lishe yenye ukungu.

Kisha panga mama na binti zao kwenye karatasi moja, jina mkabala na jina. Mama chanya wakiwa na binti chanya, na mama hasi na binti hasi, ugonjwa unashuka kwa uzazi na utaukata kwa kuchagua mitamba. Ukikuta binti chanya wengi wa mama hasi, au chanya wamerundikana kwenye kundi la umri mmoja bila kujali mama, kuna uchafu uliingia kwenye chakula au maji. Angalia stoo ya mashudu na anayelala juu ya magunia usiku. Karatasi hiyo moja ina thamani kuliko majibu yote yaliyomo kwenye bahasha.

Sampuli huharibika zaidi njiani kuliko maabara. Tyubu ya damu mbichi ikigusa barafu moja kwa moja, au ikirushwarushwa kwenye pikipiki, chembe hupasuka na seramu huwa nyekundu. Iache damu igande kivulini kwanza, itengwe seramu siku hiyohiyo, angalau mililita 1, ihifadhiwe kwenye friji isipozidi siku chache au igandishwe kama safari ni ndefu. Kugandisha na kuyeyusha mara kwa mara hupunguza kingamwili. Na kabla ya kuchoma sindano yoyote, piga simu uulize kama seti ipo na haijapita muda. Sampuli tatu peke yake zinaweza kungoja mpaka sahani ijae. Ukiungana na majirani mkapeleka 40 kwa pamoja, majibu huwahi.

Kama kijusi kimepatikana, ELISA si chaguo la kwanza. Kipeleke kizima, kimepoa lakini hakijagandishwa, pamoja na kipande cha kondo. Safari ikiwa ndefu, ubongo uwekwe kwenye fomalini ya asilimia 10, fomalini iwe mara kumi ya kipande, na kipande kingine kibichi kwa ajili ya PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kimelea chenyewe. Kijusi cha chini ya miezi mitano huenda hakijaweza kutengeneza kingamwili, kwa hiyo hasi yake haithibitishi kwamba Neospora haikuwepo. Vaa glavu wakati wote, maana hujui bado kama ni Neospora au brusela.

Linalokera zaidi si kipimo bali kinachouzwa baada yake. Chanjo moja iliyotengenezwa kwa vimelea vilivyouawa iliwahi kuuzwa, ikaondolewa sokoni. Dawa ya kumponya ng'ombe chanya haipo. Albendazole na ivermectin ni za minyoo na Neospora si mnyoo. Tena albendazole ikitolewa mwanzoni mwa mimba inaweza kumdhuru kijusi. Anayekuuzia sindano ya "kusafisha mimba" baada ya jibu chanya anakuuzia maji.

Unachonunua kwa pesa ya ELISA ni maamuzi. Mitamba ya kubaki itoke kwa mama hasi. Ng'ombe chanya anayekamuliwa vizuri abaki, apandishwe mbegu ya dume wa nyama, na ndama wake wote wauzwe. Anayetaka damu ya ng'ombe chanya mwenye maziwa mengi anaweza kupandikiza viinitete vyake (mimba changa kabisa) kwa wapokeaji hasi, yaani ng'ombe wengine watakaobeba mimba hiyo. Ndama hutoka safi, mradi mpokeaji amepimwa kweli. Kondo na vijusi vifukiwe kina ambacho mbwa hatafukua, na mlango wa stoo ufungwe. Hakuna haja ya kumuua mbwa. Mnunue mtamba wa nje baada ya kumpima, naye awe amepita miezi 6. Kikaratasi cha muuzaji kisichoonyesha tarehe ya damu wala aina ya seti kirudishwe.