Eti nimlete mume wangu ndipo niuziwe bampa ya Fielder

Nimenunua bampa ya nyuma hapa Kisumu na hasira haijanitoka. Bei haikunikera. Kilichonikera ni mdomo wa muuzaji.

Gari langu ni Corolla Fielder 141, rangi ya fedha. Tuktuk iliniingia kwa nyuma Kondele, bampa ikapasuka kona na masikio yake ya kushikia yakakatika, kwa hivyo kuchomelea na kupaka fila kusingesaidia. Nikaelekezwa duka moja la spea za kutoka Japan. Nilimtumia mwenye duka picha na namba ya chesisi kabla sijatoka nyumbani. Akajibu: ipo, njoo.

Nilipofika akadai pesa kwanza ndipo kijana aende stoo. Nikatuma shilingi 9,000 kwa M-Pesa, na nikataka risiti iandikwe wazi: bampa ya nyuma, Fielder 141. Akaandika.

Kijana akarudi na bampa ya Axio. Anayezijua gari hizi ataelewa. Kwa mbele ni ndugu, lakini nyuma kila moja ina umbo lake: Axio ni saluni yenye buti, Fielder ni wagoni ambayo mlango wake wa nyuma unateremka hadi kwenye bampa. Zile kona za taa haziwezi kukaa. Nikamwambia, kaka, hii si ya Fielder. Hata bampa hakuitazama. Alinitazama mimi, akawageukia mafundi, akasema: "Madam, haya ni mambo ya wanaume. Enda umwambie mzee wako akuje tuongee na yeye."

Wakacheka wote. Gari nimelinunua mimi, kwa mkopo wa sacco ninaokatwa mimi kila mwezi. Namba ya chesisi nilituma mimi. Mzee gani tena anaitwa hapo?

Akaamuru vijana waipashe moto bampa wainyooshe, na pale isipofika wapige skrubu. Skrubu! Kwenye fenda isiyo na hata doa la kutu! Mmoja alishashika drili. Nikasimama mbele yake nikamwambia akitoboa bati hilo tutaonana polisi. Bampa ya gari lako hailazimishwi. Inaingia kwenye breketi zake za pembeni, klipu zinashika, bolti zinakazwa, basi.

Nikamwonyesha risiti yake mwenyewe. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kilingane na maelezo hayo, na maelezo yalikuwa mwandiko wake. Akarudisha 8,500. Eti 500 ni za usumbufu. Usumbufu aliouleta nani?

Haki isemwe, stoo yake ina mali. Niliona taa safi na vioo vya pembeni ambavyo hata mimi ningevitaka, na bei zake ziko chini kuliko za wenzake. Labda ukimtuma fundi wako utahudumiwa vizuri. Hapana, hilo nalifuta. Kwa nini nitume mtu? Usiende huko, hata akigawa bampa bure.

Mzee mmoja mwenye kibanda ng'ambo ya barabara alinisikia nikifoka. "Njoo binti yangu," akaniita. Akafungua boneti, akasoma kibati cha gari, akaniambia namba ya rangi yangu ni 1F7 na kwamba bampa aliyonayo ni ya Fielder kweli ila ni nyeupe, nitalazimika kuipaka. Alitaka 11,000. Akainama chini ya gari kukagua breketi, akaijaribisha kabla sijatoa senti, ikakaa. Gari ni la nani hakuuliza.

Rangi imeniongezea gharama, na jua likipiga naona fedha ya bampa haijalingana sawasawa na ya mlango. Hilo nitamrudia fundi wa rangi wiki hii. Na ile 500 pia nitaifuata, risiti ninayo.