Skype.exe: je, mchakato huu unaobaki nyuma ya pazia ni salama?

Zipo kompyuta nyingi, hasa za mitumba na zile zinazorithiwa maofisini, ambazo bado zina Skype ndani yake, ijapokuwa Microsoft ilifunga huduma hiyo tarehe 5 Mei 2025 na kuwaelekeza watumiaji wake kwenye Teams. Mwenye mashine anapofungua Task Manager kutafuta kinachoifanya iwe nzito, hukuta jina Skype.exe limejipanga mara kadhaa, naye hakumbuki ni lini alipiga simu kwa programu hiyo kwa mara ya mwisho. Ana haki ya kuuliza kama hicho anachokiona ni Skype kweli, na kama kina sababu yoyote ya kuwa pale.

Kujirudia kwa jina peke yake kusimtie hofu. Toleo la 8 la Skype lilijengwa juu ya Electron, jukwaa lilelile linalotumiwa na Slack na Discord, ambalo hugawa kazi kwa michakato mbalimbali: mmoja huendesha programu yenyewe, mwingine huchora kinachoonekana kwenye dirisha, mwingine hushughulikia michoro, na yote hubeba jina moja. Mpango huo hula kumbukumbu nyingi ya kompyuta, jambo linalokera kwenye mashine yenye RAM ndogo, lakini ulaji si uhalifu.

Cha kuangalia ni faili linaishi wapi. Mtu akibonyeza jina hilo kwa kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua kuonyeshwa faili lilipo, Skype halisi ya toleo la 8 itamfikisha kwenye C:\Program Files (x86)\Microsoft\Skype for Desktop, na yale matoleo ya zamani yatamfikisha kwenye Program Files (x86)\Skype\Phone. Iliyotoka kwenye duka la Microsoft hukaa ndani ya folda ya WindowsApps. Skype.exe inayojificha ndani ya System32, folda ya mafaili ya Windows yenyewe, au kwenye folda ya mafaili ya muda, haina maelezo mazuri. Hatua ya pili ni kufungua sifa za faili hilo na kusoma sahihi yake ya kidijitali: matoleo ya baadaye ya kompyuta yalitiwa sahihi kwa jina la Skype Software Sarl, kampuni ya Luxembourg, na Windows yenyewe husema kama sahihi hiyo ni halali au faili limechezewa. Anayebaki na shaka anaweza kulipandisha kwenye tovuti ya VirusTotal, ambako litapimwa na antivirasi nyingi kwa mpigo.

Ukaguzi huo si wasiwasi wa bure, kwa kuwa jina la Skype limewahi kutumiwa kama chambo. Mwezi Oktoba 2012 kirusi cha jamii ya Dorkbot kilisambaa ndani ya Skype yenyewe kwa ujumbe uliotoka kwa rafiki unayemfahamu, ukiuliza kwa mzaha kama ile ni picha yako mpya ya wasifu. Aliyebofya alipakua faili la zip, na aliyelifungua aliikabidhi kompyuta yake kwa watu asiowajua. Halafu, Februari 2018, mtafiti Stefan Kanthak alitangaza udhaifu katika kisasishaji cha Skype: mtu aliyekwisha kupata njia ya kuingia kwenye kompyuta angeweza kutega faili bandia la DLL, yaani faili la msimbo ambalo programu huliita ili kufanya kazi zake, kisasishaji kikalipokea bila kuuliza, naye akapata mamlaka ya juu kabisa. Microsoft ilieleza kwamba tatizo lilihusu kisakinishi cha toleo la 7.40 na yale yaliyotangulia. Kwa hiyo mashine yenye toleo la 7 hadi leo isichukuliwe kuwa salama hata kama sahihi yake ni halali.

Malalamiko yangu makubwa, hata hivyo, ni ya tabia. Ukibonyeza alama ya X, dirisha lilifungwa lakini programu ilibaki hai karibu na saa ya kompyuta, na mpaka uingie kwenye mipangilio ndipo unakuta vitufe vya kuizuia isijiwashe na isibaki nyuma ya pazia. Katika miaka yake ya mwanzo ilikwenda mbali zaidi: kompyuta ya mtumiaji wa kawaida yenye intaneti nzuri na anwani ya wazi iliweza kufanywa kituo cha kuwatafutia watumiaji wengine njia, kwa gharama ya intaneti ya mwenyewe. Masharti yaliruhusu, lakini ni nani aliyeyasoma? Ilipofika 2012 Microsoft ilihamishia kazi hiyo kwenye seva zake.

Hukumu yangu ni kwamba Skype.exe iliyopita mitihani hiyo si kirusi, ila haina kazi tena, na programu isiyo na huduma wala masasisho haistahili kuachwa ikijiwasha kila asubuhi. Iondolewe. Wa ofisini wasiichanganye na Skype for Business, ambayo mchakato wake huitwa lync.exe na ambayo ni ya kuamuliwa na fundi wa ofisi.

Kuiondoa programu kunaweza kuacha mabaki katika folda ya AppData ya kila mtumiaji. Matoleo ya zamani yaliandika mazungumzo katika faili liitwalo main.db, ndani ya folda yenye jina la akaunti, bila kuyasimba, hivyo yeyote anayeishika kompyuta hiyo anaweza kuyasoma hata leo bila nywila. Anayetaka kuuza au kumgawia ndugu mashine yake ahifadhi kwanza mazungumzo anayoyataka, kisha afute folda hiyo nzima.