Kutoboa paa upande mmoja au kuliinua lote?

Ukitaka chumba juu ya dari, kwanza panda ukapime kimo kutoka mbao za dari hadi kilele cha paa. Kipimo hicho ndicho huamua mengi.

Kikifika kama mita 2.2 hadi 2.4, unaweza kutoboa paa upande mmoja na kujenga kibanda kinachochomoza, chenye kuta zake, dirisha na kipaa kidogo. Sehemu kubwa ya paa inabaki ilivyo na gharama ni nafuu. Ila mtu husimama wima katikati na ndani ya kibanda tu. Pembeni ni pa kuwekea masanduku.

Kimo kisipotosha, unaezua paa lote, unapandisha kuta, kisha unapaua upya. Hapo unapata ghorofa kamili. Lakini uzito wote huo unashukia msingi, na nyumba hukaa wazi kwa muda, kwa hiyo msimu wa mvua usikukute katikati ya kazi. Mara nyingi itabidi mhame.

Kwa njia yoyote, kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zisikatwe kabla mhandisi hajaziona. Mbao za katikati, ambazo fundi mwenye haraka huona zinaziba njia tu, ndizo zinazogawa mzigo wa paa. Na mbao za dari kwa kawaida zimewekwa kubeba dari, si vitanda na watu; sakafu mpya inataka boriti zake.

Kwa chumba kimoja cha kulala, mimi ningejenga kibanda. Ukitaka vyumba viwili na bafu, inua. Ngazi nayo itakula nafasi chini, ipange mapema.